Njia Nzuri za Kwenda Grønestølen

Oslo, 3 Aprili 1986

Kaka Eilif,

Usishtuke kupata barua yangu na Krismasi bado iko mbali. Sijafa, na sina shida yoyote. Nataka ushauri tu.

Umeendesha mabasi ya watalii miaka thelathini na moja. Wajerumani umewatembeza, Waingereza umewatembeza, Wamarekani na kofia zao umewapandisha kila mlima wa nchi hii, na dada yako wa tumbo moja hujampeleka hata kilomita tano. Sasa zamu yangu imefika. Mimi na Borghild, yule mwenzangu wa chumba cha kushonea mavazi pale ukumbi wa maigizo, tunataka siku kumi za kutembea huko Magharibi. Tuambie tupite wapi, tulale wapi, tutazame nini. Tunataka kuondoka wiki ya mwisho ya Mei.

Sharti langu ni moja. Usiku mmoja tulale malishoni kwetu, Grønestølen. Kila Krismasi unaniandikia kwamba kibanda chetu cha huko kimesimama na paa halivuji, na kila Krismasi naisoma sentensi hiyo mara mbili. Nataka nikae kwenye jiwe la mlango, niutazame mlima Raudnuten jua la jioni likiteremka ubavuni mwake, kisha niite ng'ombe kama mama alivyokuwa akiita. Najua hakuna ng'ombe huko siku hizi. Nitaita hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Gudny

*

Skårdalen, 11 Aprili 1986

Mdogo wangu Gudny,

Mabibi na mabwana, karibuni ndani ya basi! Nimestaafu miaka saba sasa, lakini nilipoisoma barua yako mkono ulienda wenyewe kutafuta kipaza sauti.

Sikiliza vizuri. Kwanza, sahau wiki ya mwisho ya Mei. Watu wa Oslo mna haraka kama mnakimbizwa. Barabara ya Sognefjellet hufunguliwa karibu tarehe kumi Juni, na siku za mwanzo ndizo zenyewe: katapila limekata theluji, unapita katikati ya kuta nyeupe ndefu kuliko basi, juu yako anga tu. Nimewaona wanaume wazima wakivua kofia pale. Ukija Mei itakubidi upite njia ya chini, ya Lærdal, na anayeingia Sogn kwa njia ya chini ameingia kwa mlango wa jikoni.

Basi, mtapanda treni mpaka Otta, halafu basi mpaka Lom. Pale mnunue mkate asubuhi, ungali wa moto. Kisha Sognefjellet. Kisha kanisa la mbao la Urnes, mvuke kwa kivuko, msikae ndani na watu wa magari, kaeni nje upande wa kulia. Kisha mto wa barafu wa Nigard. Borghild ana magoti mazima? Kama hana, abaki kwenye boti. Kisha Geiranger, ila msilale hotelini kule chini, ni ghali na kahawa yao ni maji ya kuoshea vyombo. Laleni juu, kwa mama mmoja wa Eidsdal, nitakupa jina lake. Anapika uji wa malai ambao utakufanya umkumbuke mama.

Kuhusu malishoni, tutaona. Njia ya kupandia imeota vichaka, na wewe si msichana tena. Mimi ningetumia usiku huo Geiranger.

Wako,
Eilif

*

Oslo, 16 Aprili 1986

Borghild mpenzi,

Nakutumia barua ya kaka yangu uicheke. Anaongoza watalii hata kwenye karatasi.

Sijamwambia habari ya macho, na wewe usimwambie. Namjua. Ataanza kuniandikia kama mgonjwa, na mimi sitaki kutalii kama mgonjwa, nataka kutalii kama mwenye kiburi. Doa la jicho la kushoto limekuwa kubwa kama kifungo cha koti. La kulia bado linanisaidia, ila mistari imeanza kupinda. Daktari hakuzunguka. Alisema nisitegemee kiangazi chote. "Kama kuna kitu unataka kukiona, mama, kione kwanza." Nikamjibu kwamba nimeshona miaka arobaini na mbili, nimeona vya kutosha. Kisha nikashuka ngazi nikalia kwenye kituo cha tramu, mbele za watu.

Ni kitu kimoja tu nataka kukiona, Borghild. Geiranger wakae nayo.

Gudny

*

Oslo, 20 Aprili 1986

Kaka,

Asante kwa mkate wa Lom na uji wa malai. Lakini hujanijibu. Mama alikuwa akipanda na ng'ombe Grønestølen wiki ya mwisho ya Mei, kila mwaka, akiwa na ndoo mgongoni na wewe ukilia nyuma kwamba viatu vinakubana. Theluji ya pale huondoka mapema, usinifanye mgeni. Nitakuja Mei, kwa njia ya chini, kwa mlango wako wa jikoni. Nitapanda taratibu. Kama vichaka vimeota, chukua panga.

Gudny

*

Skårdalen, 27 Aprili 1986

Gudny,

Mkaidi kama mbuzi wa Aurland! Mwaka huu theluji ilianguka vibaya, muulize yeyote. Mei huku juu ni tope na baridi, ukivunjika mguu nitakubeba na nini? Nakuomba kama kaka yako mkubwa, subiri Juni. Nataka uje kwa njia ya juu, siku ya jua, uione nchi yako kama wanavyoiona wanaolipia. Mara moja tu katika maisha yako nisikilize bila kubishana.

Kibanda kipo, kimesimama. Hakikimbii.

Eilif

*

Skårdalen, 28 Aprili 1986

Jirani yangu Torgeir,

Huko kwa binti yako Bergen umeshiba samaki, natumaini. Huku nyumba yako ni salama, paka wako ananidai kila asubuhi.

Nina jambo, na sina mtu mwingine wa kumwambia. Gudny anataka kuja kulala Grønestølen. Wewe unajua kilichopo Grønestølen. Unakumbuka Februari ile ya mwaka sabini na tano, theluji ilivyokuwa. Ulinipigia simu ukasema, Eilif, panda ukapunguze mzigo juu ya paa. Nikasema nitapanda Jumamosi, nina watalii wa kuteleza theluji mpaka Ijumaa. Jumamosi nilipopanda, paa lilikuwa sakafuni na kuta mbili zimelala nje.

Shamba lilikuja kwangu kwa sababu mimi ni mkubwa, kama kawaida yetu. Yeye hakudai sahani wala kijiko. Siku ya mazishi ya mama alinishika mkono akaniambia, "Mimi nataka paa la malishoni tu, lisivuje." Hilo tu. Krismasi ya kwanza nilishindwa kumwandikia ukweli, nikaandika kimesimama. Ya pili nikaandika tena. Zimefika kumi na moja. Mtu akishasema uongo mara kumi na moja, Torgeir, ukweli unakuwa mgumu kuliko siku ya kwanza.

Nimemwambia asubiri Juni. Nataka nikijenge. Naomba ile miti yako iliyo nyuma ya ghala, nitakurudishia. Kuta zinahitaji magogo kumi na manne hivi, na paa nitaliweka mbao kwanza. Nina miaka sabini na tatu, si mia.

Eilif

*

Oslo, 9 Juni 1986

KAKA,

NIMESUBIRI KAMA ULIVYOSEMA. REDIO IMESEMA SOGNEFJELLET INAFUNGULIWA KESHO. TUJE LINI? NAANDIKA HERUFI KUBWA KWA SABABU NIMECHOKA KUKUSIKIA UKISEMA MWANDIKO WANGU NI WA KUKU.

NIJIBU UPESI.

GUDNY

*

Skårdalen, 15 Juni 1986

Gudny,

Mwandiko wako sasa ni mzuri kuliko wa mchungaji, endelea hivyo.

Nisamehe, nimechelewa kwa sababu ya mgongo. Niliinua kitu kizito nikiwa peke yangu na sasa natembea kama ndoano. Daktari amenilaza wiki tatu. Msije sasa, nitakuwa mwenyeji gani, mtanikuta kitandani nanuka dawa ya kuchua. Agosti ndiyo nzuri kabisa, nimesahau kukwambia mapema! Matunda pori yameiva, watalii wamepungua, vivuko havina foleni. Nikiwa na basi langu, kila mara niliwaambia wateja wangu wa moyoni waje Agosti.

Agosti, mdogo wangu. Naapa.

Eilif

*

Oslo, 6 Julai 1986

Bwana Eilif,

Hatujawahi kuonana. Mimi ni Borghild, na nimehamia kwa Gudny tangu katikati ya Juni. Naandika yeye akiwa amelala mchana. Nimeahidi nisikwambie ninalokwambia, kwa hiyo sasa mimi ni muongo, na unisamehe.

Dada yako haoni. Alijua tangu majira ya baridi kwamba anapoteza macho. Aprili alikuwa bado anaona, Mei alikuwa anaona vya kutosha, angeutambua mlima na kuta na uso wako. Zile herufi kubwa alizokuandikia Juni ndizo za mwisho alizoweza kuzifuata kwa jicho. Barua yako ya Agosti nilimsomea mimi. Akasema, "Basi Agosti." Akaniomba nimmenyee viazi.

Sikulaumu, hukujua. Lakini nilimuuliza kwa nini anataka kwenda sasa, akaniambia kwamba jiwe la mlango halihitaji macho. Kwa hiyo tutakuja tarehe kumi na tano Agosti, mgongo upone usipone. Kwa njia ya chini, kwa sababu ni fupi na yeye anachoka. Usimwambie kwamba unajua, ila shika mkono wake kwenye ngazi.

Borghild

*

Skårdalen, 10 Julai 1986

Torgeir,

Soma hiyo barua niliyoiweka ndani ya bahasha, kisha unirudishie.

Nimejenga kuta mpaka kiunoni. Gogo la tano ndilo lililoniangusha. Sitamaliza, wala vijana wa kunisaidia siwezi kuwaita, kwa sababu bonde zima litajua nilichokuwa nikiandika miaka yote.

Nitakwambia jambo ambalo sitaweza kumwambia hata mchungaji. Niliposoma kwamba haoni, nililia. Naam. Lakini kabla sijalia, kabla tu, nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mungu anisamehe. Nilifikiri: basi, hatakiona.

Kibanda chako cha Heimstølen kimesimama vizuri. Kina jiwe la mlango, kijito kipo, kinanuka moshi na maziwa ya zamani kama vyote. Naomba ufunguo kwa usiku mmoja.

Eilif

*

Bergen, 14 Julai 1986

Eilif,

Ufunguo uko juu ya boriti ya mlango, upande wa kushoto. Hujawahi kuuomba, ulikuwa unaingia tu.

Ila mpeleke kwako, usimpeleke kwangu. Mwambie. Ni dada yako, si abiria.

Torgeir

*

Oslo, 7 Septemba 1986

Kaka Eilif,

Borghild amenitengenezea kadibodi yenye matundu marefu, kila tundu ni mstari mmoja, nami naandika ndani yake. Kama maneno yamepandana, ndiyo hivyo, yasome yalivyo.

Asante kwa siku zile nne. Asante kwa kunisubiri kivukoni umevaa koti lako la udereva, nililitambua kwa vifungo. Uji wa malai ulikuwa mzuri. Njiani ulinisimulia kila kitu, upande wa kushoto maporomoko, upande wa kulia shamba la cheri, nilicheka, Borghild anasema hata yule mama kwenye kiti cha mbele aligeuka kukusikiliza. Niliwaza, laiti ungekuwa umenipakia hivi miaka thelathini iliyopita.

Kisha ukanipandisha malishoni. Ulinishika mkono, ukisimama kila hatua chache. Mimi nilidhani ni mgongo.

Ulinikalisha kwenye jiwe la mlango. Ukaniambia, Raudnuten uko mbele yako, unawaka jua lote. Kijito nilikisikia nyuma ya nyumba. Chetu kilikuwa mkono wa kushoto, karibu kiasi kwamba mama alikuwa anasuuza ndoo bila kuinuka. Nikajisemea, labda kimehama, mito huhama. Nikapapasa ukuta, nikajisemea, labda amebadilisha magogo. Nilikutetea, Eilif. Nilikaa pale nikikutetea kwa nafsi yangu.

Kisha nikaita ng'ombe. Unakumbuka jinsi Raudnuten ulivyokuwa ukimjibu mama kwa mwangwi? Mara mbili. Mara ya kwanza upesi, ya pili imechelewa, kama msichana mvivu aliyeitwa jikoni. Mama alikuwa akisema, "Mnasikia, hata mlima una adabu kuliko nyinyi." Niliita nikangoja. Hakuna. Nikaita tena kwa nguvu. Nilisikia kwikwi zako, kisha paka wa mtu, kisha hakuna kitu. Nikajua sipo nyumbani.

Sikusema. Borghild alikuwa anafungua jibini, na wewe ulikuwa unalia, na mimi ni mtu wa kuaga vizuri. Nilipapasa ukuta nikasema asante. Nilimshukuru mwenye nyumba, yeyote yule.

Kumbe kimeanguka. Borghild alimuuliza mwenye duka siku ya kuondoka, akaambiwa kimeanguka siku nyingi. Sijakasirika kama unavyofikiri. Nimekasirika zaidi. Lakini si kwa ajili ya kibanda. Kibanda ninacho kichwani, kila msumari, nikitaka kulala naingia. Ungeniambia Aprili kwamba ni mawe matupu, ningekuja Mei nikakaa juu ya mawe matupu, nikautazama mlima. Nilikuwa nakuja kuutazama mlima, Eilif. Nilikuwa na jicho moja lililobaki na nilikuwa nimeliwekea mlima ule.

Usiniandikie Krismasi kwamba paa halivuji.

Gudny

*

Skårdalen, 2 Novemba 1986

Gudny, mdogo wangu,

Borghild, tafadhali msomee polepole, na mahali nilipokata neno kwa kalamu usiruke, msomee na neno lililokatwa.

Nimeandika barua hii mara sita. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ilikuwa na theluji ya mwaka sabini na tano, na watalii, na simu ya Torgeir. Nimeichoma. Ilikuwa ni hotuba ya dereva. Ukweli ni mfupi: uliniomba kitu kimoja, sikukifanya, nikaona aibu, na aibu yangu imekula macho yako ya mwisho. Nilipojua huoni nilipumua. Hilo nalo ulijue. Kama utanichukia, unichukie kwa hesabu kamili.

Uliniomba ushauri wa safari mwezi wa nne, na sikukupa wa kweli. Huu ndio wa kweli. Ni wa siku mbili tu.

Siku ya kwanza, njoo kwangu. Hakuna uji wa malai, nitapika viazi na samaki wa chumvi, na kahawa yangu ni maji ya kuoshea vyombo.

Siku ya pili tunapanda. Vichaka nimevikata vyote, mpaka juu. Hakuna cha kutazama, na mimi sitakusimulia chochote. Kuta zangu zile za kijinga zilizofika kiunoni nimezibomoa, magogo nimemrudishia Torgeir. Yamebaki mawe manne ya pembeni na jiwe la mlango. Nimelisafisha. Ukikaa juu yake kijito kiko mkono wako wa kushoto, karibu.

Nilipanda jana peke yangu. Nikaita ng'ombe. Sauti yangu unaijua, ng'ombe yeyote angekimbilia upande mwingine. Lakini mlima ulijibu, Gudny. Mara mbili, na ile ya pili imechelewa. Nilikaa pale mpaka baridi ikanitoa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba unajibu. Miaka yote hiyo niliwaonyesha watu milima, na wa kwetu nilikuwa nimeusahau.

Uje ukitaka. Usipotaka, nitaelewa, nitakuwa napanda kila Jumapili nikuitie.

Redio imesema Sognefjellet wameifunga asubuhi hii, mpaka Juni. Lakini njia ya chini iko wazi. Iko wazi mwaka mzima. Hata Mei ilikuwa wazi.

Kaka yako,
Eilif